Kaseti Haina Macho

Hudhaifa hakuwa na baba. Alifiwa naye akiwa darasa la tatu. Hakuwa na duka. Alikuwa na meza barazani mwa duka la vitambaa la Bwana Kumail, barabara ya sokoni, Chake Chake. Hakuwa na cheti cha ufundi, wala kiti cha pili cha kumkalisha mteja, wala shati hata moja lisilo na tundu la cheche za lehemu. Hakuwa na ulimi wa kubembeleza. Na mpaka Jumatano moja ya mwezi wa Rajab, akiwa na miaka thelathini na moja, hakuwa na mtu wa kumpigia simu bila sababu.

Alichokuwa nacho ni deki ya kaseti ya Kijapani, nzito kama jiwe la kusagia. Aliiokota imekufa, akaihangaikia miezi saba mpaka ikafufuka. Mafundi wenzake wa simu za mkononi walimcheka. Yeye akawaambia kuwa kitu kilichotengenezwa vizuri hakizeeki, huzeeka wanaokitumia.

Jumatano hiyo soko lilikuwa limejaa. Watu wa shamba walikuwa wameshuka mjini, wauza machungwa wakinadi, bodaboda zikipiga honi kana kwamba honi ndiyo injini. Katika msongamano ule alitokea msichana mrefu, buibui lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ikaonekana, mtandio wa rangi ya zabibu, na vidole vyake vimeshika vumbi la chaki. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kanga.

"Asalaam aleikum, fundi."

"Waaleikum salaam, dada. Karibu kiti." Hudhaifa akainuka haraka, kwa sababu kiti chenyewe alikuwa amekikalia yeye.

"Kaa tu, sikuja kukaa. Hii redio-kaseti ya mama imekufa. Nimezunguka maduka matano. Kwenye la mwisho wameniuliza kama naitafutia makumbusho."

Hudhaifa akaifungua, akainusa, akatikisa kichwa. "Mpira umeyeyuka. Na kichwa kimelika."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mashine, dada. Chako nakiona kizima."

"Umekitazama sana, basi." Akacheka, kisha akajizuia, kwa sababu kicheko kile kilimtoka kabla hajakiruhusu.

Jina lake Samiha, mwalimu wa skuli ya msingi hapo hapo mjini. Akaeleza shida yake. Baba yake alikuwa amefariki, na mkuu wa ukoo alikuwa babu yake mzaa baba, Mzee Nyange wa Msuka. Mzee huyo alikaa Maskati miaka ishirini na mbili, na muda wote huo yeye na watu wake waliandikiana kwa kaseti. Aliporudi hakuiacha desturi. Simu aliikataa, alisema sauti yake ni ya inzi ndani ya chupa. Kila jambo kubwa la ukoo lilisemwa katika kaseti, akalisikiliza kwa hedifoni, kisha kaseti ikawekwa kabatini.

"Hasa mambo ya wasichana," alisema Samiha. "Anatwambia, 'Mbele yangu mtaona haya. Kaseti haina macho.' Sasa mama amebaki bila mashine."

"Tumia hii yangu," alisema Hudhaifa, akafunua deki. "Redio-kaseti ina kichwa kimoja kinachofanya kazi mbili, kuandika sauti na kuisoma. Kuandika kunataka kichwa chenye ufa mpana kidogo. Kusoma kunataka ufa mwembamba kuliko unywele. Kichwa kimoja kikifanya zote mbili, zote zinatoka nusunusu. Hapa wametenga: kimoja kinafuta, kimoja kinaandika, kimoja kinasoma papo hapo kilichoandikwa."

"Vichwa vitatu. Kama jini."

"Jini wa Kijapani. Hana madhara."

"Na hicho kidude kinachozunguka?"

"Hicho kinapanga kiasi cha mlio. Pamoja na sauti yako, mashine inatia mlio mwembamba sana ambao binadamu hausikii. Huo ndio unaoufanya ukanda uipokee sauti bila kuikwaruza. Ukizidi, sauti inafifia. Ukipungua, inachubuka. Kila aina ya ukanda ina kiasi chake."

"Kama chumvi kwenye mchuzi."

Hudhaifa alimtazama. Kwa miaka sita alikuwa akiwaeleza watu jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulielewa kwa maneno manne.

Wakabadilishana namba, eti kwa ajili ya redio ya mama.

Redio ya mama haikupona, lakini simu hazikukoma. Samiha alipiga alasiri, akitoka skuli. Alisema, "Nambie, mwenye vichwa vitatu," na Hudhaifa alijibu, "Hapa kimebaki kimoja, roho yangu, na hicho unacho weye." Ulimi ule mzito ukaanza kulainika. Rajab ikapita, Shaaban ikapita, Ramadhani ikaingia, wakawa wanatakiana futari njema kila mmoja kwao.

Jambo moja tu liliwakwaza.

"Lini utaleta posa?" Samiha aliuliza.

"Nikipata duka. Naogopa kumwambia babu yako kwamba nafanya kazi barazani mwa mtu. Subiri nipate mlango wangu mwenyewe."

"Unaoa mlango au unanioa mie?"

Hudhaifa alicheka. Samiha hakucheka.

Ramadhani ikesha, Mfungo Mosi ulipoandama, posa ikaja, lakini ilitoka Unguja. Aliyeposa ni Ashraf, mtoto wa binamu wa marehemu baba yake Samiha, kijana mwenye kazi yake na nyumba yake, asiye na ila inayojulikana. Mzee Nyange akapeleka mjini kaseti mpya iliyofungwa bado katika nailoni, na ujumbe mfupi: mjukuu aseme.

Samiha alipiga simu kwa sauti ya chini. "Kesho asubuhi nakuja kurekodi. Usiniulize kitu."

Hudhaifa hakulala vizuri. Asubuhi akaanza kazi ya Mzee Bakar, mteja aliyeleta kaseti ya maulidi ya zamani. Kaseti hiyo ilikuwa imerekodiwa katika mashine ambayo kichwa chake kilikuwa kimeinama, kwa hiyo sauti ilitoka imefunikwa. Dawa yake mafundi wanaijua. Kando ya kichwa pana skrubu ndogo. Unaigeuza mpaka kichwa chako nacho kiiname kama kile cha zamani, na sauti inafunguka. Hudhaifa alivunja tone la rangi ya kucha lililoishika skrubu, akaigeuza robo mzunguko. Dufu zikasikika, na vijana wakiitikia, mpaka pumzi zao. Akasema moyoni: nikimaliza, nitairudisha.

Mara akamwona Samiha anavuka barabara. Buibui la leo lilikuwa la zamani, limechakaa viwikoni, na macho hayakupakwa wanja. Hudhaifa akaitoa kaseti ya maulidi, akasimama.

Skrubu hakuirudisha. Tunalisema hapa mapema ili msomaji asije akamdhania mwengine.

Bwana Kumail akawafungulia stoo ya majora ya vitambaa, kwa sababu vitambaa vinakunywa mwangwi na kelele za soko. Hudhaifa akafanya kila kitu kama ilivyopasa. Alisafisha vichwa kwa pamba na spiriti mpaka vidole vikanuka. Alipitisha chombo cha kuondoa usumaku uliogandia. Alipima kiasi cha mlio kwa ukanda ule mpya. Akamwambia Samiha ahesabu mpaka kumi, akatazama mshale wa sauti usiguse pekundu, kisha akamsikilizisha. Hesabu ilitoka safi kama maji ya mtungi.

Na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Katika deki ile kichwa cha kuandika na cha kusoma vimekaa nyumba moja. Nyumba ikiinama, vinainama pamoja. Kilichorekodiwa humo kinasikika vizuri humo humo. Katika mashine nyingine yoyote kinasikika kama mtu aliyewekewa mto mdomoni.

"Sasa toka," alisema Samiha.

"Nitakaa mlangoni."

"Vuka barabara kabisa."

Alisimama juani upande wa pili dakika tisa. Samiha alipotoka, kope zake zilikuwa zimelowa.

"Umesema nini?"

"Nimesema na babu yangu."

"Umenitaja?"

"Utajua akijibu, habibi."

Hudhaifa akavunja vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asiweze kurekodi juu yake, na Samiha akaipeleka kwenye gari ya Konde, iendayo upande wa Msuka.

Zikapita siku nane, simu zao zikawa fupi. Siku ya tisa, Ijumaa baada ya sala, Samiha alipiga.

"Babu amemkubalia Ashraf."

Hudhaifa alishika ukingo wa meza. "Kwa nini?"

"Amemwambia mama kuwa nimeona haya. Kwamba nimenong'ona mwanzo mpaka mwisho, na kwamba bikira akinyamaza ameridhia, seuze akinong'ona. Mahari yanaletwa Alhamisi. Hudhaifa, mie nilisema kwa sauti ya darasani! Mama amemwomba asikilize tena, amesikiliza, ni vile vile. Umeifanya nini kaseti yangu?"

Hapo Hudhaifa angeweza kusema, ngoja niitazame mashine. Lakini kwa mtu ambaye hana kingine cha kujivunia, ni vigumu kukiri kwamba hata hicho kina dosari.

"Mashine yangu haina kasoro," alisema. "Nimeipima mwenyewe, na weye umesikia."

"Basi nani mwenye kasoro?"

"Pengine ulipobaki peke yako hukutaka kusema. Nyumba ya Unguja ina mlango."

Honi zikasikika kutoka upande wa Samiha, na sauti za watoto.

"Umeamini chuma," alisema, "mie ukaniacha." Akakata.

Alipompigia tena, simu haikupita. Jumamosi haikupita. Jumapili haikupita. Ashraf alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomtesa zaidi Hudhaifa, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumchukia. Hakula. Bwana Kumail alimtazama akilehemu waya ule ule mara tatu, akasema, "Bwana wee, waya huo umeshakufa, uzike."

Jumatatu alitia katika deki kaseti moja ya taarabu ya dukani aliyokuwa akiijua fidla kwa fidla, apate kujiliwaza. Fidla zikatoka zimevimba, hazina ncha. Akasafisha vichwa. Vile vile. Akainama na tochi, akaiona skrubu, na kando yake ile rangi ya kucha iliyovunjika.

Alikaa kitako sakafuni. Bwana Kumail akadhani amepatwa na kisukari.

Jumanne mchana alikuwa mbele ya lango la skuli, shati jeupe, jasho mpaka kiunoni. Watoto walitoka kwanza, wakimzunguka kama maji yanavyozunguka mwamba. Samiha akatoka na madaftari kifuani, mtandio wa kijivu, akamwona, akageuza njia.

"Mwalimu Samiha! Nimekosea mimi."

Akasimama bila kugeuka.

"Skrubu. Niliigeuza kwa ajili ya kaseti ya mtu, nikakuona, nikasahau kuirudisha. Sauti yako imo yote kwenye ukanda. Ila kichwa cha babu yako kinaipitia upande."

"Uliigeuza kiasi gani?"

"Robo mzunguko."

Sasa akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha kuliko machozi. "Maisha yangu, Hudhaifa. Robo mzunguko."

"Naam."

"Ile skrubu nakusamehe. Mtu hukosea kazini. Lile neno la mlango je?"

"Lile halina mashine ya kusingizia," alijibu. "Nilisema kwa kuogopa. Nilikuona unaondoka, nikakusukuma mwenyewe."

Samiha aliyapanga upya madaftari kifuani. Kengele ya watoto wa mchana ikalia.

"Usinambie mie. Nenda Msuka ukamwambie babu. Leo bado Jumanne, Alhamisi siyo mbali." Akapiga hatua, kisha akarudi. "Na weye usisikilize. Maneno yale nilimwambia yeye. Niapie."

"Wallahi sitasikia hata herufi."

Jumatano asubuhi Hudhaifa aliteremka kwenye bodaboda huko Msuka, na kimkoba cha bisibisi. Mzee Nyange alikuwa barazani, kanzu nyeupe, kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, mgongo wima kama mlingoti. Hudhaifa alimwamkia, akabusu mkono, akasema neno lake lote bila kujipamba, kwa sauti kubwa, mpaka kuku wakakimbia.

"Kwa hiyo unanambia masikio yangu mabovu," alisema mzee.

"Hapana, babu. Masikio yako mazima. Kazi yangu ndiyo mbovu."

"Miaka yangu yote sijaona fundi anayesema hivyo." Hakutabasamu. "Nimeshatoa neno langu Unguja. Unajua uzito wake?"

"Najua, babu."

"Hujui. Ingia."

Deki ya mzee ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee akaitia kaseti, akavaa hedifoni, akakaa. Hudhaifa alipiga magoti mbele ya mashine, akaingiza bisibisi nyembamba katika tundu la skrubu, na hapo akatambua shida yake. Kila fundi hugeuza skrubu ile kwa sikio. Yeye sikio alikuwa ameliapia. Ilibidi afanye kazi kwa kutazama uso wa mtu mwengine.

Akageuza kidogo. Mzee hakubadilika. Akageuza tena. Nyusi zikakunjana, amepita. Akarudisha nusu ya alichogeuza. Nyusi zikafunguka. Akasogeza kiasi cha unene wa ukucha, na akaona midomo ya mzee inaachana polepole, na kichwa kinainama upande mmoja kama anayeitwa kutoka mbali. Hudhaifa akaondoa mkono.

Dakika tisa ni nyingi ukizihesabu kwenye uso wa mtu. Mara moja mzee alicheka puani. Mara moja alifumba macho, na shavu likamcheza. Hudhaifa aliangalia sakafu, kisha mikono yake, kisha uso ule tena, na hakujua kama anachokisoma ni huruma au ghadhabu.

Ukanda ukafika mwisho. Mzee akavua hedifoni.

"Anasema hamtaki Ashraf, na kwamba hana ubaya naye. Amelisema mara mbili. Anasema akilazimishwa atanitii, ila nisimuulize tena kama ana furaha." Akafuta uso kwa ncha ya kanzu. "Nami niliyasikia haya mara mbili nikayaita haya ya bikira. Lete mkono."

Hudhaifa akaunyoosha. Mzee akaunusa.

"Spiriti," alisema. "Anasema yupo mtu Chake, vidole vyake vinanuka spiriti, muoga wa kuja kwangu. Jina hakutaja."

Hudhaifa alifungua mdomo.

"Funga. Hata madaktari wananuka spiriti." Mzee akasimama kwa fimbo yake. "Idhini niliyoipata haikuwa idhini, kwa hiyo na neno nililolitoa juu yake limeanguka. Leo jirani atawapigia simu Unguja wasije, kisha nitawafuata mwenyewe niwaombe radhi. Aibu hiyo nitaibeba mie, kwa umri huu, kwa sababu ya skrubu yako. Sasa rudisha kichwa changu kilipokuwa."

Hudhaifa akakirudisha, akakipima kwa kaseti nyengine, akatia tone la rangi ya kucha. Alipofika mlangoni akajipa moyo. "Babu, na mimi je?"

"Weye umeharibu, ukatengeneza ulichoharibu. Hapo tumelingana, hunidai. Nyumba hii haiingiwi kwa bisibisi, bwana. Inaingiwa kwa barua, na wazee wawili waliovaa vizuri. Nikiisoma nitamuuliza mwenyewe, naye atajibu anavyotaka. Mie siahidi."

Simu ililia kabla bodaboda haijafika Konde.

"Umesikia?" Samiha aliuliza.

"Sikusikia kitu. Nimeona uso wake tu."

"Uso ulisemaje?"

"Ulisema umeniita muoga."

Akacheka, kile kicheko cha kwanza, kisha sauti ikapungua. "Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nikiulizwa, sijui nitajibu nini."

"Najua, roho yangu. Nitauliza hivyo hivyo."

Jumamosi asubuhi mjomba wake Hudhaifa, Mzee Duni, aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote katika ukoo, alikaa sebuleni kwa mama wa kijana, mkononi karatasi isiyo na mistari. Barua ilianza kwa Bismillahi na salamu, ikafuata heshima ya ukoo.

"Kazi ya kijana niandikeje?" mjomba aliuliza. "Mfanyabiashara wa vyombo vya umeme?"

"Andika fundi wa redio, mjomba. Mezani, barazani mwa duka la Bwana Kumail."

"Watu hawaandiki hivyo."

"Andika."

Mjomba akaandika, akisikitika. Akaisoma yote kwa sauti mara mbili. Hudhaifa alitamani kubadilisha neno moja, kisha akatamani kubadilisha yote, kisha akaiacha kama ilivyo. Mama yake akaikunja mara tatu, akainyunyizia tone la marashi ya mawaridi, akaitia katika bahasha nyeupe. Mjomba akalamba gundi, akaibana kwa kidole gumba kutoka ncha hadi ncha, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake. Nje Mzee Bakar, aliyekubali kuwa mzee wa pili, alikuwa ameshakaa garini, kanzu imenyooka, akihimiza. Mlango ukafungwa. Gari likashika njia ya kaskazini, kuelekea Msuka, na barua imo.